Taa Kali Yahitaji Nyaya Imara
Wako wenye Mini, gari dogo lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959, wanaodhani kuwa kubadili globu pekee kunatosha kupata mwanga. Hilo ni kosa. Globu ya halojeni, wati 60 kwa mwanga wa mbali na 55 kwa wa karibu, ikilishwa kupitia swichi kuukuu pasipo rilei, swichi huweza kuungua na kumwacha dereva gizani ghafla. Kwanza nyaya zikaguliwe, ndipo taa iongezwe nguvu, kisha ielekezwe chini isimpofushe mwenzako. Nazo taa ndogo za wati 5 si za kumulikia njia. Kazi yake ni kuwaonyesha wengine gari lilipo. Azitegemeaye hizo usiku anachezea roho za watu.