Upole wa Wafaransa Katika Amerika

Wako wanachuoni wadaio kuwa ukoloni wa Wafaransa katika Amerika ya Kaskazini ulikuwa wa kiungwana: Mwingereza alinyang'anya ardhi, Mfaransa alipatana na kuoa. Dai hili halina msingi.

Ni kweli kwamba Champlain, aliyeanzisha Quebec mwaka 1608, alitafuta urafiki wa wenyeji, na kwamba mwaka 1701 mataifa yapatayo 40 yalifanya amani na Wafaransa mjini Montreal. Lakini Wafaransa hao walikuwa wachache, na utajiri wao ulitokana na ngozi za biva, mnyama wa mtoni, ambazo waliziletewa na wenyeji. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Ulipoweza kukatwa, ulikatwa. Mwaka 1709 Raudot, msimamizi wa utawala huko Quebec, alihalalisha utumwa wa wenyeji walioitwa Panis. Katika Louisiana kilichotamaniwa hakikuwa ngozi, bali ardhi ya kulimia tumbaku. Mwaka 1729 mkuu wa ngome ya Rosalie aliwaamuru Wanatchez wahame kijiji chao. Wakaasi, wakaua Wafaransa zaidi ya 200. Mwaka 1731 walishindwa. Mateka mamia kadhaa, na mfalme wao pamoja nao, wakapelekwa utumwani Saint-Domingue.

Mgeni hapimwi kwa adabu yake siku ahitajipo msaada, bali kwa matendo yake siku atamanipo shamba la mwenyeji. Kwa kipimo hicho Mfaransa na Mwingereza walipishana kwa idadi, wala si kwa nia.