Mpini huchaguliwa kwa kiganja, si kwa macho

Kuna zawadi ambazo humfurahisha mnunuzi kuliko mpokeaji. Mwaka jana mimi na kaka zangu wawili tulinunua moja ya aina hiyo, na kwa miezi miwili tukajisifu kwamba tumetenda jambo. Leo nawasimulia kosa letu kwa sababu likizo inakaribia, na najua wengi wenu mnapanga kumnunulia mzazi au mtoto kitu cha kushikwa mkononi: mkongojo, raketi, jembe dogo la bustani. Chetu kilikuwa ufito wa kuvulia samaki.

Baba yetu alifundisha shule ya msingi huko Naivasha hadi alipostaafu. Tulipokuwa wadogo, Jumamosi alasiri alitupeleka ziwani kuvua besi. Sisemi ile besi inayotikisa vioo vya matatu. Huyu ni samaki wa maji matamu, mwenye domo pana, mgongo wa kijani na mstari mweusi ubavuni. Kwao ni Marekani. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana, akazoea maji yetu kama mwenyeji. Ufito wa Baba ulikuwa wa mwanzi, na mpini wake ulikuwa tyubu kuukuu ya baiskeli aliyoizungusha mwenyewe hadi ikajaa kiganja.

Mama alipofariki, Baba aliacha kwenda ziwani. Baadaye ugonjwa wa yabisi ukamshika vidole vya mkono wa kulia, akawa hawezi hata kukunja ngumi. Kila tulipomtembelea tulimkuta kwenye kiti chake mbele ya nyumba, redio ikizungumza peke yake. Ule mwanzi ulikuwa umeliwa na mchwa zamani. Tukaambiana: tukimpatia ufito mpya, huenda akainuka kitini.

Nikachangiwa fedha, nikaenda katika duka moja la vifaa vya michezo hapa jijini. Nilikuwa sijui lolote kuhusu fito za kisasa, na aliyekuwa akiuza alilitambua hilo kabla sijafungua kinywa. Akanionyesha ufito mwekundu wenye nakshi za rangi ya fedha. "Dada, huu ndio wa mabingwa," akasema. Niliuona unang'aa, nikalipa shilingi 9,000.

Baba aliupokea kwa mikono miwili. "Ahsanteni sana, wanangu. Hiki ni kitu kizuri." Akautundika ukutani chini ya picha ya Mama, na hapo ukakaa.

Aliyetufumbua macho ni binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi. Sisi watu wazima tulikuwa tukimwuliza Baba, "Vipi ule ufito?" naye akijibu, "Mzuri sana." Mtoto akamwuliza swali jingine kabisa: "Babu, mbona huendi kuvua?" Babu yake akamjibu kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu, ule ni wa kutazamwa. Mkono wangu unaukataa."

Nilielezwa hayo tukiwa ndani ya matatu tukirudi Nairobi. Msomaji, niliona aibu. Nilikuwa nimemnunulia mtu mgonjwa wa vidole kitu cha kushikwa, wala sikuwa nimefikiria vidole vyake.

Wiki mbili baadaye nilimleta Baba mjini. Duka lile halikutaka kuurudisha ufito. Bidhaa ikishauzwa imeuzwa. Tukaenda kwingine, kwa mzee mmoja anayeuza ndoana, nyavu na fito. Huyu hakuuliza tuna pesa ngapi. Alimwambia Baba, "Mwalimu, hebu nipe mkono wako." Akaushika, akakunja vidole kimoja kimoja, akaona vinapogoma. Kisha akatandaza fito tatu juu ya meza, akatusomesha kwa muda wa saa nzima. Nitawapa darasa lile kwa ufupi.

Kwanza ni ule ufito wenyewe. Nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa kaboni au kwa nyuzi za kioo. Kaboni ni nyepesi na hupitisha mtetemo upesi, lakini huvunjika ukiigonga ovyo. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo na zinanesa zaidi, ila huvumilia mkono wa mwanafunzi. Kwa besi, ufito wa urefu wa mita mbili au zaidi kidogo unatosha.

Pili ni mpini, na hapa ndipo wengi wetu hufumba macho tusipopaswa kufumba. Mipini ya kawaida ni ya aina mbili. Kuna ya gome la mwaloni wa Ureno, gome lile lile la vizibo vya chupa za divai. Mti wenyewe haukatwi. Hubambuliwa gome tu, na huachwa miaka tisa hivi kabla ya kubambuliwa tena. Mpini wa gome hili ni mwepesi, una joto la kupendeza asubuhi ya baridi, na hushikika hata mkono ukilowa. Ubaya wake ni kwamba humeguka ukigongwa, na lile la bei ya chini huwa na mashimo yaliyozibwa kwa unga wa gome na gundi, ambayo hufumuka kadiri siku zinavyopita. Basi ukiuona mpini wa gome uliojaa viraka vya rangi nyeusi-nyeusi, jua umewekwa gome hafifu.

Aina ya pili ni mpini wa sponji ngumu, jamaa ya ile ya soli za viatu vya raba. Hii haimeguki, husafishwa kwa urahisi, na aghalabu bei yake ni nafuu. Lakini sponji si moja. Kuna iliyo laini mno, ambayo humeza mtetemo kama godoro, na kuna ngumu yenye uso mwororo, ambayo huteleza mkono ukiwa na maji na utelezi wa samaki. Mpini wa ufito wetu mwekundu ulikuwa wa namna hii: mwembamba, mwororo, tena umekatwa vipande viwili na kuachwa wazi katikati. Mzee alisema kukata huko si kosa. Hupunguza uzito, na mwenye vidole vizima hana neno nako. Lakini mwenye yabisi anahitaji mpini mnene na mzima, kwa sababu kitu chembamba hukulazimisha kukaza vidole, na kitu kinene hujaa kiganjani bila kukazwa. Nikaikumbuka ile tyubu ya baiskeli. Baba alikuwa amelijua jambo hili miaka 30 iliyopita, bila kufundishwa na mtu.

Tatu ni mizani. Ufito usipimwe ukiwa mtupu. Fungia rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kisha uweke ufito juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya rili. Ukitulia, vyema. Ncha ikizama chini, ujue kifundo cha mkono wako ndicho kitakachoibeba ncha hiyo kutwa nzima. Ufito wetu wa mabingwa ulizama kama ndoo kisimani.

Jambo la nne ndilo lililoninyamazisha. Mzee alieleza kwamba besi hamezi chambo kama kambare mwenye njaa. Hukivuta kinywani pamoja na maji, na akihisi si chakula hukitema mara moja. Mvuvi hupata habari hiyo kama mdundo mdogo tu, unaopita kwenye mshipi, kwenye ufito, hadi mkononi. Ufito wenyewe huingia ndani ya mpini, na baadhi ya fito huachwa uwazi pale penye rili ili kidole kiiguse kaboni yenyewe. Kwa hiyo mpini mzuri ni ule unaoshikika na kusikika.

"Sasa tuujaribu," akasema. Akamwambia Baba afumbe macho ashike ufito wa kwanza. Akamwita binti yangu, akamwonyesha jinsi ya kuigusisha ncha ya ufito kooni pake taratibu, bila kuisukuma, kisha aimbe kwa kufumba midomo.

Wa kwanza, Baba akatikisa kichwa. "Nahisi kitu, lakini kiko mbali."

Wa pili ulikuwa wa sponji nene laini. Mkono ulistarehe, ila hakuhisi chochote.

Wa tatu ulikuwa wa kaboni, mpini wa gome, mnene na mzima toka juu hadi chini, usio na nakshi hata moja. Vidole vyake vilivyopinda viliuzunguka bila kulazimishwa. Binti yangu akaanza kuimba ndani kwa ndani, sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua mbili tu nilikuwa siisikii vizuri kwa kelele za barabarani. Baba alikaa kimya, macho ameyafumba. Kisha akatabasamu, akautaja wimbo wenyewe. Ni ule ambao Mama alikuwa akiwaimbia wajukuu wakati wa kulala.

Ufito huo ulikuwa shilingi 6,500. Wa mabingwa, kama mnakumbuka, ulikuwa 9,000.

Msomaji, usidhani nasema kila mtu anunue mpini wa gome. Kaka yangu mdogo, ambaye hutupa vitu vyake popote ndani ya gari, angeumega kwa mwezi mmoja. Yeye sponji ngumu yenye mikwaruzo inamfaa. Mwanafunzi anayeanza naye hapotezi kitu akianza na nyuzi za kioo za bei nafuu. Ninalosema ni kwamba mkono utakaokitumia kifaa uwepo siku ya kukinunua. Ukitaka kumshangaza mtu kwa zawadi, mshangaze kwa kumpeleka dukani. Na mkiwa huko, lowesheni kiganja kidogo, mshike ufito ukiwa na rili kwa dakika tano nzima, wala msikubali kuharakishwa. Uchungu wa mkono hauji dakika ya kwanza.

Na ule mwekundu je? Baba hakuutupa. Alifunga vipande vidogo vya risasi kwenye mkia wake hadi ncha ikakoma kuzama, kisha akazungusha tyubu ya baiskeli kuanzia mkiani hadi kwenye rili, safu moja tu, kwa kuwa mkono utakaoushika ni mdogo. Sasa ni wa binti yangu. Wenye mipini ya gome iliyomeguka nao wasiitupe: sagua kizibo cha chupa ya divai upate unga, changanya na gundi ya mbao, ziba, acha ikauke, kisha piga msasa. Uchafu nao hutolewa kwa maji ya sabuni na mswaki mkuukuu.

Jumamosi moja tulikwenda ziwani sote. Kwa wanaotaka kufuata nyayo zetu, ulizeni kwanza leseni katika ofisi ya uvuvi, kodini mashua kwa mtu anayelijua ziwa, vaeni majaketi ya kuokolea maisha, na msisimame ovyo kwenye matete ya ukingoni, kwani Naivasha ina viboko na hawana mzaha.

Tulikaa saa mbili bila kitu. Binti yangu alianza kupiga miayo. Mara nikaona Baba amenyamaza vile alivyonyamaza dukani. Mimi sikuona mshipi ukicheza wala maji yakitikisika. Akainua mkono mara moja, ufito ukapinda, na baada ya mvutano mfupi akatoa besi mmoja asiyefika hata nusu kilo. Akamtazama, akamrudisha majini.

"Babu, umemwachilia!" binti yangu akalalamika.

"Nilitaka kujua tu kama bado naweza kumsikia," akajibu.

Tangu hapo kuna tatizo jipya katika familia yetu. Ukimpigia Baba simu Jumamosi alasiri, haipokewi. Wiki mbili za kwanza tulishtuka, tukampigia jirani. Siku hizi tunangoja jioni.

Hadi Jumapili ijayo, mpendwa msomaji, shika kwanza ndipo ununue.