Bonanza la wazee: bibi apimwe kwanza

Oktoba 1 ni Siku ya Wazee Duniani. Kwa jinsi klabu za joging zilivyojaa Temeke na Kinondoni, haishangazi mtaa ukiwaandalia bonanza na wenye miaka 60 na kuendelea: kutembea, kurusha mpira, bao, kuvuta kamba.

Kuvuta kamba ndiko kunakonitia wasiwasi. Mzee anabana pumzi, anajikaza, presha inapanda ghafla. Wengi wana presha na hawajui, maana haiumi. Kwa hiyo mama, kabla hujamnunulia bibi raba, mpeleke kituo cha afya apimwe presha na sukari. Dawa zake azinywe kama kawaida, na asiende na njaa, hasa mwenye kisukari. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumwishia, aache hapo hapo na apelekwe hospitali.

Lakini siku moja haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Bibi atazipata wapi, na ndiye anayebaki na wajukuu sisi tukienda kwenye shughuli? Pangeni zamu nyumbani: asubuhi 3 kwa wiki, dakika 50 kila moja, mtoto abaki na mtu mwingine.