Anayemrudisha Mnyama Aliyepotea Asigeuzwe Mwizi

Upo ushauri mmoja unaotolewa kwa sauti ya chini katika ofisi za vijiji, vijiweni, na hata katika vyumba vya walimu. Unasema hivi: ukimkuta mnyama usiyemjua, mpite, ukimshika umejitafutia kesi. Wanaoutoa ni watu wenye elimu yao, na hujiona kwamba wanamwokoa mwananchi asiyejua sheria. Kwa hakika wanamfundisha woga, na woga huo unaigharimu jamii nzima. Gharama yake ni kubwa zaidi katika wilaya kama Kilosa, ambako mkulima na mfugaji wanapakana, na ambako Hifadhi ya Taifa ya Mikumi haiko mbali na mashamba ya watu.

Wapo wananchi ambao, bila kutumwa na mtu, huwarudisha wanyama waliopotea kwa wenyewe. Ni mchungaji anayemwona mbuzi mgeni katika kundi lake akamtenga na kuuliza ni wa nani. Ni kijana wa pikipiki anayebeba habari za ndama kutoka Kimamba hadi Rudewa. Ni mtoto wa shule anayemtambua mbwa wa jirani akizurura karibu na stendi ya Mikumi, akakimbia kumwita mwenyewe. Watu hawa hawalipwi mshahara wala posho. Wanachofanya ni kile ambacho wazee wetu walikifupisha kwa maneno machache: tenda wema nenda zako. Sasa wanatokea washauri wanaotaka tuugeuze usemi huo uwe: usitende wema, nenda zako.

Yafaa tuelewe kwanza ni kitu gani kinachopotea. Kwa mwananchi wa kijijini mbuzi mmoja ni sare na madaftari ya watoto. Ng'ombe wa maziwa ni chakula cha nyumba, na ndiye akiba inayouzwa mgonjwa anapozidiwa. Mbwa ndiye askari anayekesha shambani kuwafukuza nyani na nguruwe. Anayesema "ati ni mbwa tu" hajawahi kulala shambani wakati mahindi yakiwa mabichi. Basi mnyama anapopotea, nyumba nzima huwa imepoteza sehemu ya riziki yake, na anayemrudisha huwa ameirudisha riziki hiyo.

Hata hivyo hatutakuwa wakweli tukidai kwamba woga huu hauna msingi kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria zetu, inamtaka mtu aliyekutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi aieleze mahakama, kwa maelezo ya kuridhisha, aliipataje. Mtu anayeswaga ng'ombe asiye wake usiku wa manane, hana shahidi wala hakutoa taarifa popote, atapata taabu kubwa kujieleza. Lakini Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwamba wizi ni kuchukua kwa hila na pasipo haki. Hila ndiyo roho ya kosa. Je, hila iko wapi kwa mtu aliyemshika ng'ombe mchana kweupe, akawaita majirani wawili washuhudie, kisha akapeleka habari kwa mtendaji wa kijiji kabla jua halijatua?

Kinachomtenga mwema na mwizi, basi, ni taarifa. Na taarifa haiwezi kutolewa hewani. Lazima awepo wa kuipokea. Hapa ndipo lawama inapowahamia wale wanaopenda sana kuigawa kwa wengine. Mwananchi anafika ofisini kueleza kwamba amemkuta ng'ombe. Anaambiwa mtendaji hayupo. Akirudi anaambiwa hilo si jambo la ofisi, ampeleke polisi. Kituo cha polisi kiko mbali, na hana hati yoyote ya kuonyesha njiani. Akimswaga kwenda huko atashukiwa. Akikaa naye zizini atashukiwa. Akimwachia atakula mahindi ya jirani, na watu watasema fulani ndiye aliyekuwa naye mara ya mwisho. Nani aliyemtia hatarini mwananchi huyu? Sheria haikumtia hatarini. Aliyemtia hatarini ni mtumishi aliyeogopa kuandika mistari mitatu.

Kilosa inajua, kuliko wilaya nyingi, gharama ya kuacha mambo ya mifugo yajiendee yenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu zaidi ya 30 katika mapigano ya wafugaji na wakulima, baada ya ugomvi wa muda mrefu juu ya ardhi na juu ya mifugo kuingia mashambani. Hatusemi kwamba mnyama mmoja aliyepotea ndiye aliyewaua ndugu zetu wale. Chanzo kilikuwa kipana na kirefu. Tunachosema ni kwamba pasipokuwa na mahali panapoaminika pa kumpokea mnyama na kuupima uharibifu alioufanya, kila mmoja huwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Mkulima humfunga ng'ombe kama mateka, naye mfugaji huja kumchukua kwa fimbo na sime. Mahali hapo hata mtu mwema anayemrudisha ndama kwa nia safi huonekana kuwa wa upande wa adui.

Kwa sababu hiyo hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kumrudisha mnyama ni jambo moja. Kulipwa fidia ya mazao yaliyoliwa ni jambo jingine. Fidia ni haki ya mkulima, na ipimwe na bwana shamba mbele ya pande zote mbili, kisha idaiwe kwa njia zinazotambuliwa. Lakini mnyama asigeuzwe rehani. Wako watu wanaojiita wasamaria ambao humshikilia mbuzi wa mwenzao wiki mbili, kisha hudai "gharama za malisho" zinazokaribia bei ya mbuzi mwenyewe. Hao si wasamaria hata kidogo. Ni walanguzi wa shida za watu. Anayemweka mnyama wa mwingine zizini mwake amechukua dhamana ya kumtunza, na anastahili kurudishiwa alichotumia kwa kweli, si zaidi. Tukiwanyamazia walanguzi hawa, tutakuwa tumewapa wapinzani wa wema silaha wanayoitafuta.

Kwa mbwa, nia njema peke yake haitoshi. Kichaa cha mbwa hakina huruma na mtenda wema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, karibu hakuna kupona. Basi mtu yeyote asimshike kwa mkono mbwa asiyemfahamu, hasa akiwa anatokwa na udenda, anatangatanga ovyo au anang'ata kila kilicho mbele yake. Aitwe bwana mifugo, na watoto wawekwe mbali. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo, wala asisubiri kuona itakuwaje.

Lakini tahadhari hii haiwapi haki wale wanaoitumia kama kisingizio cha kutofanya lolote. Wataalamu wanasema kwamba ugonjwa huu hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa. Mbwa aliyechanjwa, ambaye cheti chake kiko nyumbani na jina la mwenyewe limeandikwa kijijini, akipotea atarudishwa bila hofu kubwa. Mbwa asiyejulikana na mtu huishia kupigwa mawe. Kwa hiyo aliyewapeleka mbwa wake kuchanjwa amemlinda mwanawe, na pia amemlinda jirani atakayemrudishia.

Mikumi ina sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inaikata kwa urefu wa kilometa zipatazo 50. Mnyama wa kufugwa anayepotea huko hajapotea kichakani tu. Ameingia mahali ambapo sheria haimruhusu awepo, au amesimama katika njia ya malori usiku. Anayemwahi kabla hajafika huko ameokoa mnyama, na huenda ameokoa na abiria wa basi. Tena yafaa kukumbuka yaliyotokea Serengeti mwaka 1994, ambako ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wa huko. Mbwa mzururaji pembezoni mwa hifadhi si jambo dogo. Lakini mnyama akishavuka mpaka, mwananchi asimfuate. Apeleke habari kwa askari wa hifadhi, kwa maana kuingia bila kibali ni kuongeza kosa juu ya hasara.

Nini basi kifanyike? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila ofisi ya kijiji iwe na daftari la wanyama waliopotea na waliopatikana. Ndani yake iandikwe siku, saa, mahali, rangi ya mnyama, alama za masikio au chapa, jina la aliyemkuta na majina ya mashahidi wawili. Aliyetoa taarifa apewe kipande cha karatasi chenye mhuri. Karatasi hiyo itakuwa ngao yake mbele ya polisi na mbele ya jirani mwenye hasira. Tangazo litolewe kwenye josho, mnadani, msikitini na kanisani. Anayedai kuwa ndiye mwenye mnyama azitaje alama zake kabla ya kuonyeshwa, wala asionyeshwe kwanza ndipo azitaje. Siku ya kukabidhi watie sahihi wote.

Hakuna haja ya kungoja sheria mpya kutoka juu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kutamka ndani ya sheria yake ndogo kwamba anayetoa taarifa ndani ya saa 24 hatahesabiwa kuwa mshukiwa na vyombo vya kijiji, na kwamba gharama ya malisho kwa siku ni kiasi fulani kinachojulikana na wote. Mahakama itabaki na uwezo wake, lakini mgambo na sungusungu watakuwa na mwongozo mbele yao badala ya kuongozwa na hasira zao.

Tunawasikia wanaosema kwamba watendaji wana kazi nyingi na fedha hakuna. Kazi ni nyingi, hilo ni kweli. Lakini kesi moja ya ng'ombe ikifika mahakamani inawatoa kazini mtendaji, bwana mifugo, mashahidi na polisi kwa siku nyingi, na vita moja ya koo mbili haina bei. Mtumishi anayeshindwa kununua daftari moja kwa mwaka asitafute sababu katika bajeti. Aitafute katika moyo wake wa kazi.

Wengine wanasema tungoje hereni. Ni kweli kwamba Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na kwamba mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo. Hizo ni hatua njema. Lakini wafugaji wetu walikuwa wakizichanja alama masikio ya ng'ombe na kuwapiga chapa za koo zao muda mrefu kabla ya hereni kuwepo, na bado wanyama walipotea na watu waligombana. Hereni haijisomi yenyewe. Inahitaji mtu wa kuisoma, ofisi ya kupokea habari, na mwananchi asiyeogopa kuipeleka habari hiyo.

Walimu nao wana sehemu yao, tena kubwa. Mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kumwona mnyama aliyepotea, akiwa njiani kwenda au kutoka shuleni. Mwalimu anayemwambia mtoto "achana naye, yasikukute makubwa" anaona amemfundisha usalama, kumbe amemfundisha kwamba mali ya jirani haimhusu. Amfundishe badala yake mambo manne, hata kwa dakika tano za mstarini asubuhi: usimguse mbwa usiyemjua, kumbuka mahali na alama, mwambie mtu mzima, fuatilia kama habari imeandikwa. Mtoto aliyezoea hayo leo ndiye mtendaji ambaye hatamwambia mwananchi arudi kesho.

Nchi hii haikujengwa na watu waliopitana njiani wakitazama pembeni. Kijiji ambacho mtu hathubutu kumshika mbuzi wa jirani yake ili amrudishe kitazoea vivyo hivyo kumpita mtoto aliyepotea, na mgonjwa aliyeanguka barabarani, kwa hoja ile ile ya kuogopa kesi. Watumishi wa umma wanaosoma maneno haya wasingoje waraka. Daftari lifunguliwe wiki hii, mhuri utolewe kabatini, na mwananchi atakayefika na ng'ombe asiye wake apokewe kwa swali moja tu la haki: umemkuta wapi, ndugu?