Artikle 15 tunaijua sote. Na artikle 40?

Ndugu zetu, dada zetu wa Goma,

Artikle 15, hakuna mtoto wa hapa asiyeijua: "Jitafutie." Haiko imeandikwa vile katika sheria yoyote ya Jamhuri, lakini njo sheria tunaishi nayo kila asubuhi, kutoka Ndosho mpaka Birere. Motari, fundi wa nguo, mpiga picha, mtafsiri, msukuma chukudu, kijana anayechora mabango kwenye ordinatere: hatuna patroni, hatuna karatasi ya mshahara. Na tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, benki zikafunga. Siku zile zile Marekani ikakata misaada yake. Wengi waliokuwa na kontra kwenye ma-ONG wamejikuta nao katika kundi letu.

Leo hatuandike juu ya vita. Tunaandika juu ya kitu tunachoibiwa kila siku, na mara nyingi sisi wenyewe tunafungua mlango: masaa yetu.

Tuchukue mfano. Mtu anakuomba umtengenezee mabango ya duka lake. Munapatana dola 60. Unaona ni feza nzuri, kazi ya siku moja. Sasa tuhesabu. Kuchora: masaa 9. Kurudilia mara nne sababu rangi haikumpendeza: masaa 8. Kumngojea, na yeye anakuambia tu "niko njiani": masaa 5. Kutafuta mahali pa kuchaji wakati umeme umekatika: masaa 4. Kukimbia nyuma ya feza yako kisha kazi kuisha: masaa 4 tena. Jumla ni masaa 30. Moto, mega na kuchaji vimekula dola 15. Zimebaki 45. Gawa kwa 30: dola moja na nusu kwa saa. Huyo mteja hakukudanganya. Ni kwamba hakuna aliyehesabu, hata wewe mwenyewe.

Motari naye ni vile vile. Jioni anajua feza aliyompelekea mwenye moto, anajua mafuta aliyonunua. Lakini muulize: kati ya masaa yote ya leo, ni yapi yalileta feza, na ni yapi yalichoma mafuta bure? Hapo ananyamaza.

Sasa tufike kwa wale wa kibarua, wale wa shantiye, wa depo, wa kupakua magari. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, inasema kazi isipite masaa 45 kwa posho. Yanayopita hapo yanalipwa zaidi. Na katika artikle 40 kuna neno ambalo wengi wetu hatujalisikia. Mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena mbele hiyo miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Maana yake, hawezi tena kufukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Anapaswa kupewa taarifa kwanza.

Siku 22. Nani anazihesabu? Patroni anazo kwenye kitabu chake. Wewe unazo kichwani. Siku ya kwenda kwa inspeksio ya kazi, yeye atafungua kitabu, na wewe utafungua mdomo.

Tunajua mutatuambia nini. Ya kwanza: sheria hiyo ni ya mwenye patroni, haimlinde anayejitegemea. Ni kweli. Sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka 2012, zinamuomba mfanyabiashara mdogo aliyejiandikisha aweke kitabu cha feza inayoingia na inayotoka siku kwa siku, na akitunze miaka 5. Hicho ni kitabu cha feza. Cha masaa, hakuna atakayekuja kutuomba. Tukitaka kiwepo, tukiandike wenyewe.

Ya pili: na hali hii ya mji, nani atatusikiliza? Inawezekana leo hakuna. Lakini mashahidi wanahama na patroni anasahau anachotaka kusahau. Siku mlango wa kulalamika utafunguka, aliyeandika atakuwa na la kuonyesha, pamoja na ujumbe wa telefone aliotunza.

Ya tatu njo ngumu: "Nikihesabu masaa, mteja atakwenda kwa mwengine asiyehesabu." Hapo munasema kweli kabisa. Kaye ya mtu mmoja inamfungua macho tu. Kaye za wapiga picha kumi wa kartiye moja, wakikaa pamoja na kuona kila mmoja anakula hasara kwenye masaa ya kungoja, hizo zinaweza kuzaa bei moja, na neno moja la kumwambia mteja: kurudilia mara ya kwanza ni bure, ya pili inalipwa. Kwa hiyo hatuombe kila mtu ajifungie na hesabu zake. Tunaomba tuhesabu, halafu tuonyeshane.

Namna ya kufanya si ngumu. Kaye ya mistari inatosha. Telefone inaweza kuibwa au kuzimika. Andika tarehe, kazi ni ya nani, saa uliyoanza, saa uliyomaliza. Andika kungoja peke yake, usikuchanganye na kazi. Chagua namna moja ya kuandika saa, maana "saa mbili" ya Kiswahili na "2h" ya Kifaransa haziko saa moja. Andika jioni ile ile, mbele ya kulala, sababu kesho utakuwa umesahau nusu.

Tufanye hivyo mwezi mmoja. Kisha kila mmoja alete kaye yake kwa wenzake wa kazi moja, Katindo, Majengo, Himbi, popote muko, musome kwa sauti. Tutakasirika, hiyo tunajua. Lakini safari hii tutakasirika na hesabu mkononi.

Artikle 15 ilitufundisha kuishi bila kuomba mtu. Isitufundishe kufanya kazi ya bure.