Kadi mbili sawa, lakini si ndani ya kompyuta moja



Waliokuwepo kwenye kikao cha Jumamosi wanajua kiliishaje. Kwa kelele. Yaya wetu mweka hazina alifunga daftari akasema hatoi hata shilingi mpaka tuelewane. Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki, kwa hiyo naandika hapa yale ambayo sikupata nafasi ya kuyamaliza pale.

Kwa ambao hawakuwepo: tuko watu 22, kila mmoja anatoa 2,000 kwa wiki. Wiki nyingine mtu anakosa, hatumlaumu, pesa ya chakula imepunguzwa na kila mtu anajua nyumbani kwao kukoje. Mpaka sasa tuna 1,180,000 za Uganda. Tulikubaliana zamani kwamba pesa hii ni ya kompyuta ya gemu kwa ajili ya ukumbi wetu, ambapo sasa tuna PlayStation moja ya zamani na skrini mbili. Watoto na vijana wanalipa, tunalipa kodi ya chumba, kinachobaki kinarudi kwenye akiba. Na kompyuta hiyohiyo itakata video za harusi, kazi ambayo leo tunampelekea mtu wa Mbarara na anakula nusu ya faida.

Sasa muuzaji mmoja wa Kampala ametuletea ofa mbili kwa bei ileile, 450,000. Ya kwanza ni kadi mbili za grafiki, GTX 960 za GB 2 kila moja, pamoja na kile kidaraja cha kuziunganisha. Ya pili ni kadi moja tu, GTX 1650 ya GB 4. Nusu ya kikao walisimama: "Mbili ni mbili, bwana! Iko na nguvu mara mbili!" Hapo ndipo kelele zilipoanzia.

Nawaelewa, maana na mimi nilishaanguka kwenye shimo hilo. Mwaka 2021, nikiwa bado Kampala, shangazi yangu aliye Australia alinitumia pesa ya kuanzia maisha. Nikaenda kununua kadi mbili za GTX 750 Ti. Muuzaji aliapa zitafanya kazi pamoja. Nikafika nyumbani, nikafungua kasha, nikatafuta pa kuchomeka kile kidaraja. Hakuna. Kadi ile haikutengenezwa kuunganishwa kwa SLI hata kidogo! Nilirudi dukani, nikaambiwa mzigo ukitoka haurudi. Moja niliiuza kwa hasara. Shangazi mpaka leo anaamini nina kompyuta ya ajabu, sijapata moyo wa kumwambia.

960 zenyewe zinaunganika, sitaki kusema uongo. Tatizo ni kinachotokea baada ya kuziunganisha.

Kadi mbili zikiwa kwenye SLI kwa kawaida zinapokezana. Moja inachora fremu ya kwanza, nyingine ya pili, ile ya kwanza tena ya tatu, hivyo hivyo. Kwa sababu kila moja inachora picha nzima, kila moja lazima ibebe kila kitu cha gemu kwenye kumbukumbu yake: ukuta, nyasi, sura za watu, vyote. Maana yake GB 2 na GB 2 hazifanyi GB 4. Zinabaki 2. Hapa ndipo wengi tunadanganyika, kwa sababu tangazo linajumlisha. 1650 ina GB 4 za kweli, na gemu za miaka hii zinazitaka.

Halafu kuna jambo la kupokezana lenyewe. Fremu zisipotoka kwa nafasi sawa, jicho linaona picha inakwamakwama, hata kama namba kwenye kona ya skrini inasema fremu 60. Na gemu nyingi mpya zinatumia picha iliyopita ili kusafisha picha inayofuata. Sasa kama picha iliyopita iko kwa jirani, kadi inabidi ingoje iletewe. Faida yote ya kuwa wawili inaishia kwenye kungojana.

Na mtengenezaji mwenyewe ameshaondoka huko. Ili SLI ifanye kazi kwenye gemu fulani, Nvidia ilikuwa inaandika maelekezo maalumu ya gemu hiyo ndani ya draiva. Ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza mapya kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. Kwenye kizazi cha RTX 30, mahali pa kuunganishia palibaki kwenye 3090 na 3090 Ti peke yake, kadi ambazo sisi tunaziona YouTube tu. RTX 40 hazina kabisa. AMD nao waliacha CrossFire yao walipotoa RX 5700 mwaka 2019. Kwa hiyo gemu iliyotoka jana, isipokuwa waliotengeneza wamejisumbua wenyewe, itaiona kadi moja na kuiacha nyingine imelala. Tutakuwa tumelipia mbili, tunacheza na 960 moja yenye GB 2. Na 1650 moja inaizidi 960 moja waziwazi.

Kuna mtu atasema GTA V. Kweli, GTA V inajua kutumia kadi mbili vizuri, na pale 960 mbili zinaweza kuiacha 1650 nyuma. Nakubali. Lakini ukumbi wetu unaishi kwa mpira, ninyi nyote mnajua foleni ya Jumapili ni ya nini. eFootball imejengwa juu ya Unreal Engine 4, na gemu nyingi za injini hiyo zina historia mbaya na kadi mbili.

Sasa njooni kwenye umeme, maana hata kama yote hayo yangekuwa sawa, hapa ndipo ningekataa.

Tuna betri mbili za volti 12, Ah 100 kila moja. Jumla ni Wh 2,400, lakini betri za aina hii ukizimaliza zinakufa mapema, kwa hiyo tunatumia nusu, 1,200. Toa inachokula inveta, hesabu 1,000. GTX 960 moja imeandikwa wati 120. Mbili ni 240. Prosesa 77, mengine tuseme 50. Jumla 367, bila skrini. Saa mbili na dakika arobaini, betri imekwisha. GTX 1650 ni wati 75. Kompyuta nzima inakuja kama 202, karibu saa tano. Hizi ni hesabu za mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote, siku nyingine itakula kidogo, lakini uwiano ndio huo. Tukitoza 1,000 kwa saa, jioni moja kadi mbili zinaingiza 2,700, kadi moja inaingiza 5,000. Kwa gemu ileile, kwa kiti kilekile!

Joto sijaligusa. Bati letu saa nane mchana mnalijua. Kadi mbili zikikaa bega kwa bega, ya juu inavuta hewa moto ya mwenzake, na vumbi la hapa linamalizia kazi.

Tena 960 mbili haziingii kwenye kompyuta yoyote tu. Zinataka mazabodi inayokubali SLI na pawasaplai kubwa yenye nyaya za kutosha. Fundi niliyemuuliza alisema mashine nzima haipungui 1,300,000. Pesa hiyo hatuna.

Hoja ambayo ilinigusa ilitoka kwa kijana wetu wa Rubondo. Alisema: tukiwa na mbili, moja ikifa, nyingine inabaki, kazi haisimami. Ni hoja nzuri, na nililala nayo usiku mzima. Lakini pawasaplai ikifa je? Mazabodi ikiungua, kadi zote mbili zinakaa tu. Akiba ya kweli inaanzia kwenye mashine ya pili.

Na hapa ndipo ninapofikia pendekezo langu, ambalo si ofa ya kwanza wala ya pili. Tununue kadi mbili, lakini tuziweke kwenye kompyuta mbili.

Mbarara zinapatikana kompyuta zilizotoka maofisini, zile Dell OptiPlex 7010 ndefu zenye Core i5. Niliulizia, ni 300,000 moja, RAM GB 8. Pawasaplai yake ni ya wati 275, ndogo, haiwezi kubeba kadi kubwa wala haina waya wa ziada wa kadi. Lakini GTX 1050 Ti inatosheka na wati 75, na 75 ndizo tundu la mazabodi linaruhusiwa kutoa. Unachomeka, basi. Nimepata bei ya 250,000 kwa moja yenye GB 4. Kompyuta mbili na kadi mbili ni 1,100,000. Zinabaki 80,000, na skrini mbili tayari tunazo.

Umeme? Mbili zikiwaka pamoja ni kama wati 404, na skrini zake tunakaribia 460. Inveta yetu ni ya 600, inabeba, ila pasi mtu asiguse. Bila kuhesabu skrini, kama nilivyofanya kule juu, betri itakaa kama saa mbili na nusu, lakini viti ni viwili, kwa hiyo ni saa tano za kulipiwa, sawa na 1650. Tofauti ni kwamba wawili wanacheza badala ya mmoja na kumi kumtazama. Mchana jua likiwepo, moja inakata video za harusi na nyingine inaingiza pesa. Ikifa moja, tunabaki na nyingine, kama alivyotaka ndugu yetu wa Rubondo.

Kasoro yake ipo. 1050 Ti ni dhaifu kuliko 1650, na gemu nzito tutazicheza kwa mipangilio ya chini. Mimi naona tunaweza kuvumilia. Na wale wawili wanaojifunza Blender wasinune: Cycles inaweza kutumia kadi mbili kwenye mashine moja bila SLI, na hapo kadi ya pili inasaidia kweli. Kama tungekuwa tunaanzisha studio ya katuni, ningeandika barua nyingine kabisa.

Tahadhari moja kwa atakayetumwa sokoni. Kuna kadi za zamani sana zinazobandikwa jina la 1050 Ti na kudanganya hata kompyuta. Beba GPU-Z kwenye flashi, iwashwe mbele yako dukani, gemu ichezwe nusu saa, ndipo utoe pesa. Akikataa, ondoka. Pia muulize kama kasha ni lile refu, maana kwenye OptiPlex nyembamba kadi ya kawaida haiingii. Na 1050 Ti nyingine zina tundu la waya wa umeme wa ziada. Hizo ziache, hazitatufaa.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, neno dogo bila ubaya. Kuna kituo kimoja cha vijana kililetewa kompyuta kutoka Ulaya, nzuri sana, kadi mbili ndani. Siku ya kwanza gemu ilipofunguka inveta ililia ikazima. Ikarudiwa, ikazima tena. Mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa imefunikwa kitambaa, juu yake kuna chupa za maji. Aliyeinunua alikuwa na moyo mwema kuliko mimi, ila hakuuliza inveta yetu ni ya wati ngapi. Swali hilo linajibiwa kwa meseji moja. Na anayeuliza kwa nini wakimbizi wanachangia gemu wakati chakula hakitoshi, aje Jumapili, tutamwonyesha daftari la mapato.

Yaya, daftari libaki limefungwa mpaka Jumatano jioni. Anayetaka 960 mbili alete hesabu yake ya betri kwenye karatasi kabla ya hapo. Asipotokea mtu, Alhamisi asubuhi naomba nauli ya kwenda Mbarara, mimi na mmoja wa upande wa pili, ili asije mtu akasema nilichagua peke yangu.