Kiwanja cha Gulio Kisimegwe: Barua kutoka Devon

Kwa wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu wa kijijini kwetu, Makete,

Habari kwamba kona ya kiwanja cha gulio imepimwa ili zijengwe fremu za maduka imenifikia, nami nimeshindwa kunyamaza. Karibu na ninapoishi hapa Plymouth, mkoani Devon, Uingereza, upo mji mdogo ambao habari zake zinawahusu ninyi kuliko zinavyowahusu watalii wanaokwenda kuupiga picha.

Mji huo ni Tavistock, kama kilomita 24 kaskazini mwa Plymouth, kandokando ya mto Tavy. Nyuma yake inapanda Dartmoor, nyika ya juu yenye upepo, nyasi ngumu, matindiga, na vilima vyenye majabali vileleni. Kilele chake kirefu kabisa kina mita 621, na kwa mtu aliyekulia jirani na nyanda za juu za Kitulo hicho ni kilima tu. Lakini ukungu unaposhuka na manyunyu yanapokupiga ubavuni, mwili wote unakumbuka nyumbani.

Mwaka 1105 Mfalme Henry wa Kwanza aliwapa watawa wa abasia ya Tavistock hati ya kuendesha soko kila Ijumaa. Soko hilo lipo hadi leo. Watawa wenyewe waliondolewa mwaka 1539, Henry wa Nane alipozifunga abasia nchini kote. Zimebaki kuta chache karibu na kanisa. Ardhi yao ikaangukia kwa ukoo wa Russell, ambao baadaye walikuja kuwa madyuki wa Bedford. Bati ya Dartmoor, iliyoufanya mji uwe kituo rasmi cha kuikagua na kuitoza kodi tangu 1305, ikapungua hadi ikaisha. Biashara ya sufu ikastawi, ikafifia. Mwaka 1844 shaba nyingi ikagunduliwa jirani, mgodi wa Devon Great Consols ukavuma duniani, nao ukafungwa. Hata treni ilifika, kisha reli zikang'olewa. Gulio likabaki.

Wengi huniambia limebaki kwa sababu Waingereza wanapenda mambo ya kale. Jibu hilo silikubali, maana hawa hawa wamebomoa mengi ya kale bila kusita. Limebaki kwa sababu haki ya soko iliandikwa, na watu hawakuacha kuitumia. Katikati ya karne ya 19, dyuki alipoupanga upya mji wakati mapato ya shaba yakimiminika, hakulifukuza soko. Alilijengea jumba lenye paa, Pannier Market, na wakulima wakaingiza humo matenga yao ya siagi, mayai na kuku. Leo jumba hilo ni mali ya halmashauri ya mji. Ukisimama mlangoni utaona jambo ambalo ningependa kila mjumbe wa serikali ya kijiji chetu alione: maduka ya Tavistock yamelizunguka soko, hayakulikalia. Mteja anayefuata jibini sokoni anarudi na viatu kutoka dukani.

Sisemi hati ile ilikuwa ya haki. Ushuru uliingia kwa watawa, kisha kwa ukoo mmoja. Muuza mayai hakuulizwa neno. Hapo sisi tumewazidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimsubiri mfalme. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza eneo la matumizi ya wote, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaamua, na eneo hilo linaandikwa kwenye daftari. Tena Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Sasa nauliza kwa heshima: mkutano huo ulikaa lini kuhusu kona ile?

Nyika ya Dartmoor nayo ina somo lake. Ardhi yake ina wenyewe, lakini kwenye sehemu kubwa wafugaji wa jirani wana haki ya kulisha kondoo, ng'ombe na farasi wafupi. Farasi hao wanaonekana kama wanyama wa porini, kumbe kila mmoja ana mwenyewe, na kila vuli huswagwa kutoka nyikani wakachambuliwa. Sheria ya mwaka 1985 iliwaundia wafugaji baraza lao, na ikaupa umma haki ya kuingia kwa miguu na kwa farasi ili kujiburudisha. Juzijuzi wenye ardhi fulani walikwenda mahakamani kupinga watu kulala humo kwenye mahema bila ruhusa yao. Mei 2025 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakaamua kwa kauli moja kwamba haki ile inahusu na mahema. Maneno machache yaliyoandikwa miaka 40 nyuma yaliwatosha wananchi.

Turudi kwetu. Fremu inataka kodi ya kila mwezi. Mama mwenye madebe mawili ya viazi anataka siku moja, mahali pa kutandika turubai, na ushuru mdogo. Fremu haiwezi kumpa hayo. Na gulioni ndiko bei inakojulikana. Mnunuzi wa lumbesa humbana mkulima akiwa peke yake shambani, si akiwa katikati ya wenzake.

Ninachoomba ni hiki. Katika mkutano ujao Mtendaji alete daftari la ardhi ya kijiji, lisomwe hadharani. Kama gulio halimo, liingizwe kwenye ajenda, likubaliwe, muhtasari uandikwe, na mawe ya mipaka yawekwe mbele ya mama wanaouza pale, kwa kuwa wao wanaijua mipaka kuliko sisi sote. Anayetaka fremu simpingi. Ni kijana wetu, na maduka tunayahitaji. Atafutiwe sehemu kando ya barabara. Gharama za upimaji sisi tulio nje tuchangie. Sehemu yangu nimeshaitenga, na nitaituma kwenye akaunti ya kijiji mara muhtasari utakaposainiwa.

Ndugu yenu,
Plymouth, Uingereza